Redio za mkononi mawindoni: kilomita za dukani na kilomita za porini

Katika maduka ya Lubumbashi, redio ya mkononi, ambayo wengi wetu huiita motorola hata ikiwa imeundwa na kampuni nyingine kabisa, huuzwa kwa namba mbili: wati na kilomita. Mnunuzi anayejiandaa kwenda kuwinda huonyeshwa kasha lililoandikwa kilomita 50, akalipa akiamini kwamba hata wenzake wakitawanyika namna gani watasikilizana. Dhana hiyo ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi.

Mawimbi ya VHF na UHF (ya pili yana masafa ya juu zaidi), ambayo redio hizi hutumia, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia ni mviringo. Aliyeshika redio mita 1.5 kutoka ardhini ana upeo wa takriban kilomita 5, kwa hiyo wawili waliosimama kwenye uwanda mtupu wangefikiana kwenye kilomita 10 hivi, nayo miti ya miombo huupunguza umbali huo ukabaki kilomita chache tu. Zile 50 za kwenye kasha hupatikana mmoja akiwa juu ya mlima na pasiwe na kizuizi chochote katikati. Hata hivyo, pori la Katanga lina ngazi zake. Ukipanda kichuguu chenye urefu wa mita 6, upeo wako hutoka kilomita 5 ukafika 11, bila kuongeza hata wati moja. Upande wa barabara ya Kasenga nimeshuhudia mwenzetu akisikia mkwaruzo mtupu chini ya kichuguu, na alipofika kileleni, akishikilia vijiti kwa mkono mmoja, akasikia sauti ya aliyebaki kambini vizuri kabisa.

Ndiyo maana wati haziponyi tatizo hilo. Karibu na ardhi nguvu ya mawimbi hufifia haraka mno, kiasi kwamba, kwa hesabu ya wahandisi, kuuzidisha umbali mara mbili hudai nguvu mara 16. Anayeacha redio ya wati 5 akanunua ya wati 10 hupata nyongeza ndogo ya umbali, na betri inayokwisha mapema.

Wengine husema kwamba UHF haifai porini. Kauli hii ina ukweli nusu. Majani hufyonza UHF (megahezi 400 hadi 470) kuliko VHF (136 hadi 174), na tofauti hiyo huonekana zaidi miombo ikishachipua. Lakini antena ya redio hizi hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi; robo ya wimbi la VHF ni karibu sentimita 50, wakati ya UHF ni kama 17, hivyo kile kiantena kifupi cha mpira kinachokuja na redio ya VHF hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mimi ningechagua VHF, kwa sharti kwamba ninunue pia antena ndefu. Bila hiyo, faida ya majani huliwa na antena.

Kuna pia zile zinazoitwa chaneli za siri. Namba za siri 38 zilizomo katika redio nyingi hazifichi neno lolote: zinaizuia tu redio yako isitoe sauti za wasio na namba hiyo. Ni sawa na mtu aliyeziba masikio kwa pamba akadhani kwamba hakuna anayemsikia.

Kuhusu sheria, si kweli kwamba kila redio inayouzwa huru ng'ambo ni huru pia hapa. Ulaya inaruhusu redio za megahezi 446 zenye nusu wati bila leseni, lakini ruhusa hiyo haivuki mpaka pamoja na kasha. Kwetu Kongo masafa husimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, na huko ndiko pa kuuliza kabla ya kufungua mkoba wa pesa. Uwindaji wenyewe unadai kibali chini ya sheria ya tarehe 28 Mei 1982, na ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hauruhusiwi. Mtu mwenye bunduki na redio anayesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, bila karatasi, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Mwisho ni betri. Saa zinazotangazwa huhesabiwa kwa kawaida kwa mtu anayezungumza asilimia 5 ya muda, anayesikiliza asilimia 5, na redio inayokaa kimya asilimia 90. Wawindaji waliochangamka hawaishi hivyo, na porini hakuna pa kuchajia. Sisi tumekubaliana hivi: mlio wa kitufe umezimwa ili mnyama asishtuke, redio iko mfukoni imefungwa, na kila saa kamili kila mmoja hutafuta kichuguu kilicho karibu, huifungua kwa dakika tano, kisha huifunga tena.