Hundi ilikuwepo kabla ya benki

Juzi darasani nimeambiwa tena kwamba benki za kikoloni zilipeleka Asia masanduku ya pesa kutoka London. Hapana, jamani, sivyo.

Benki ya Hongkong and Shanghai, iliyofungua milango mwaka 1865, haikuzaliwa London. Ilizaliwa Hong Kong, kwa mtaji uliochangwa hasa na wafanyabiashara wa hukohuko bandarini. Aliyeipigia mbiu ni Thomas Sutherland, Mskoti wa kampuni ya meli ya P&O, na kamati iliyoiandaa ilikuwa na Waparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, na Arthur Sassoon, wa ukoo wa Wayahudi wa Baghdad. Kuiita benki ya Waingereza, basi, nasita. Kusema haikuwa yao, nasita vilevile.

Chakula cha benki hizi kilikuwa hundi, yaani hati ya kumtaka mtu alipe baadaye. Muuza chai wa Shanghai anaandika hati: mnunuzi wa London alipe pauni kadhaa baada ya miezi minne. Yeye hawezi kungoja. Benki inainunua hati palepale kwa bei pungufu, inaipakia melini, na muda ukifika inalipwa pauni London.

Linaloniudhi ni neno fedha, ambalo kwetu ni pesa na ni madini pia. Asia ilihesabu kwa madini hayo, London kwa dhahabu. Ujerumani ilipohamia dhahabu baada ya 1871, bei ya fedha ikaanguka. Rupia iliyokaribia shilingi 2 za Kiingereza ilishuka, kufikia 1894, hadi juu kidogo ya shilingi 1. Benki yenye mtaji wa pauni na mikopo ya rupia ilikula hasara hata wadeni wote wakilipa. Oriental Bank, kongwe lao, ilifunga 1884, ugonjwa wa kutu ya majani ukiwa umeshateketeza kahawa ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), ambayo benki hiyo iliikopesha.

Mkulima wa mpunga wa Burma (Myanmar ya leo) hakukanyaga benki hizo. Alikopa kwa Chettiar, mkopeshaji wa jamii ya Kitamil kutoka kusini mwa India, na Chettiar ndiye aliyejuana na benki.

National Bank of India, iliyoanzia Calcutta 1863, ilifungua tawi Zanzibar 1892. Ilikuta rupia tayari sokoni, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja wakiandikiana hundi na Bombay, kwa neno lilelile tunalolitumia leo.