Tasa si witiri

Ikitajwa namba kubwa inayoishia na 7 au 9, hakosi mtu wa kusema, "Hiyo ni tasa." Mara nyingi alichokiona ni witiri tu.

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Basi. 2 ni tasa ingawa ni shufwa, 9 ni witiri lakini si tasa, na 1 haimo kabisa kwa kuwa kigawo chake ni kimoja. (Na ni kigawo, si kigawe: 3 ni kigawo cha 12, 12 ni kigawe cha 3.)

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni majina yenyewe. Witiri ni neno la Kiarabu, na anayeswali witiri baada ya isha analijua: rakaa moja, au tatu, idadi isiyotimia jozi. Shufwa ndiyo iliyotimia. Swali hapo ni moja tu: ukizipanga mbilimbili, inabaki moja bila mwenzake? Tarakimu ya mwisho inatosha kujibu. Tasa ni neno la zizini: ng'ombe tasa ni yule asiyezaa. Sikio linasikia upweke katika maneno yote mawili, likayafanya kitu kimoja. Tena jina hilo limekaa kichwa chini miguu juu, maana namba tasa ndizo zinazozaa: 2, 2 na 3 zikizidishwa huzaa 12. Zisichonacho ni wazazi. "Yatima" lingefaa zaidi, ila vitabu vya shule vimeshazoea.

Chukua 4,294,967,297, yaani 2 kipeo cha 32, ongeza 1. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Gawanya kwa 7, inabaki 5. Kwa 11, inabaki 5. Kwa 13, inabaki 10. Hapa ndipo watu hutangaza tasa. Hata mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliiamini kuwa tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Njia ya mkato ipo: kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, imepatikana! Asiyeijua njia hiyo hujaribu namba tasa moja moja hadi kwenye kipeuo cha pili, kinachozidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo zipo 6,542.

Kwa hiyo ukiishia kwenye 13 ukachoka, sema tu kwamba kigawo chake hujakipata.