Mzazi wako amekutwa na saratani ya kinywa: maswali na majibu kuhusu kutafuta tiba

Mama yangu mdogo aling'olewa meno mawili kwa sababu ya kidonda kilichokuwa pembeni ya ulimi wake. Kila tulikokwenda tuliambiwa jino ndilo linalomkwaruza. Miezi minne ilipita kabla hajatokea daktari mmoja akavaa glavu, akaushika ulimi kwa kipande cha gozi, akauvuta upande na kukibonyeza kile kidonda kwa kidole. Kilikuwa kigumu kama kifundo cha kamba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa tukate kinyama kikapimwe."

Tangu siku hiyo ndugu na majirani wakipata mgonjwa wa namna hii hunijia na maswali, na maswali yenyewe hayatofautiani sana. Nimeyajibu hapa kana kwamba anayeuliza ni mtoto wa mzee mmoja wa Tanga mwenye miaka 63, mtumiaji wa ugoro tangu ujana, ambaye jibu lake limetoka wiki hii.

Jibu la kinyama limetoka, ni karatasi moja yenye maneno marefu. Nifanye nini nalo?

Kwanza usiipoteze. Piga picha kwa simu, toa nakala tatu, na ile halisi iweke kwenye bahasha ngumu pamoja na picha na vipimo vingine vyote. Zaidi ya saratani tisa katika kila kumi za kinywa huanzia kwenye utando laini unaofunika ulimi, mashavu na fizi, nazo kwa Kiingereza huitwa "squamous cell carcinoma", kwa hiyo huenda ndicho kilichoandikwa humo.

Kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Kile kinyama hakitupwi. Maabara hukigandisha ndani ya kibonge cha nta na kukikata vipande vyembamba vinavyowekwa kwenye vioo. Mkihitaji daktari mwingine wa patholojia, yaani msomaji wa vinyama, athibitishe jibu, ombeni vioo hivyo na kibonge cha nta mvipeleke. Mara nyingi mzee hana haja ya kukatwa tena.

Kuna watu wanasema kisu ndicho kinachoiamsha saratani ikasambaa. Ni kweli?

Si kweli. Inayoisambaza ni miezi inayopita bila tiba. Watu wameona mgonjwa akikatwa kinyama leo na hali kuwa mbaya baada ya miezi mitatu, wakakilaumu kisu. Ukiuliza vizuri utakuta katika miezi hiyo mitatu mgonjwa alikuwa nyumbani hana tiba yoyote.

Tuanzie hospitali gani?

Watu huniuliza jina la hospitali nzuri, nami huwajibu kwa kuuliza: ni nani watakaokaa pamoja kulijadili faili la baba? Saratani ya kinywa haitibiwi na daktari mmoja. Anahitajika daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, au wa masikio, pua na koo mwenye uzoefu wa saratani ya kichwa na shingo. Anahitajika daktari bingwa wa saratani anayesimamia mionzi na dawa, na daktari wa meno. Wasomaji wa picha na wa vinyama nao wana neno lao. Hospitali zenye huduma hizi huwa na kikao ambacho wote hawa huamua pamoja kabla mgonjwa hajaguswa. Uliza waziwazi: "Je, faili la baba litapelekwa kwenye kikao cha madaktari wa saratani? Lini?"

Nalisisitiza hili kwa sababu tiba ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote. Daktari akiuondoa uvimbe nusunusu kwenye chumba kidogo cha upasuaji, anayekuja baada yake hukuta kovu, mipaka haionekani, na kazi imekuwa ngumu mara mbili. Heri wiki mbili za kusafiri na kusubiri kikao kuliko upasuaji wa haraka uliofanywa na asiye na uzoefu.

Kwa Tanzania, Muhimbili jijini Dar es Salaam ina kitengo cha upasuaji wa kinywa, taya na uso, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, umbali mfupi kutoka hapo, inatoa mionzi na dawa za saratani. Mwanza kuna Bugando, ambako mionzi inapatikana pia. Mlioko Kenya mna Kenyatta jijini Nairobi, na Uganda kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Ombeni barua ya rufaa hospitali ya mkoa, tena ombeni iandikwe siku hiyohiyo. Rufaa inayosubiri "Jumatatu mwone mganga mkuu" huweza kula mwezi mzima.

Vipimo gani vifanyike kabla ya kuamua?

Kipimo cha CT au MRI, yaani picha za mashine zinazoonyesha ndani ya mwili, cha uso na shingo, na picha ya kifua. Shingo ni muhimu kwa sababu saratani ya ulimi hupenda kukimbilia mitoki, yaani tezi za shingoni. Baada ya hapo ndipo mtaambiwa hatua. Uvimbe usiozidi sentimita 2, usiozama zaidi ya milimita 5, na shingo ikiwa safi, ni hatua ya kwanza. Uliozidi sentimita 4, au uliozama zaidi ya milimita 10, au wenye mtoki mmoja uliokwishaingiliwa, ni wa hatua ya tatu kwenda mbele. Daktari akisema "hatua", mwombeni awaonyeshe imetokana na nini. Mkijua hilo mtaelewa pia kwa nini tiba moja imependekezwa na siyo nyingine.

Kati ya upasuaji na mionzi, kipi bora?

Kwa saratani iliyo ndani ya kinywa chenyewe, upasuaji ndio kawaida hutangulia pale unapowezekana. Daktari huondoa uvimbe na kiasi cha sentimita 1 ya nyama nzima kuuzunguka. Hatua za mwanzo huenda upasuaji pekee ukatosha. Hatua za mbele mionzi hufuata, na ikiwa ukingo wa nyama iliyoondolewa ulikutwa na saratani, au saratani imepasua ganda la mtoki, huongezwa dawa, hasa sisplatini, wakati huohuo wa mionzi.

Swali ambalo wengi hawajui kuliuliza ni hili: "Mtaondoa na mitoki ya shingo?" Zamani wengine walisema kama shingo haina uvimbe, iachwe, isubiriwe. Mwaka 2015 hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, ilichapisha matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa wenye saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo. Miaka mitatu baadaye, walioondolewa mitoki palepale na uvimbe walikuwa hai asilimia 80. Wale ambao shingo yao iliachwa hadi mitoki ionekane walikuwa hai asilimia 67.5. Kwa hiyo baba akiambiwa atapasuliwa na shingo ingawa haina kitu kinachoonekana, usidhani anakatwa bure.

Mionzi baada ya upasuaji inatakiwa ianze ndani ya wiki sita hivi. Hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba. Panga malazi mapema, kwa ndugu au nyumba ya wagonjwa, kwa maana kukosakosa siku za mionzi kunapunguza nguvu yake. Na ugoro, sigara, tambuu, kuberi na pombe viishe leo. Anayeendelea kuvuta sigara wakati wa mionzi hapati faida anayopata aliyeacha.

Mbona tumeambiwa kwanza twende kwa daktari wa meno?

Mpo mikononi mwa watu wanaojua kazi yao. Mionzi hupunguza damu kwenye mfupa wa taya na kukausha mate. Jino bovu likibaki, likaja kung'olewa baada ya mionzi, kidonda chake huweza kukataa kupona na mfupa ukafa. Kwa hiyo meno mabovu hung'olewa mapema, wiki mbili hivi kabla ya mionzi, ili fizi zifunge. Na tangu hapo, hata baada ya miaka kumi, baba asikubali kung'olewa jino popote bila kusema, "Nilipigwa mionzi ya taya."

Tuuze shamba twende India?

Msikimbilie. Tumeni kwanza faili na picha, muulize upasuaji watakaofanya kule ni upi na hapa unashindikana kwa sababu gani. Ziko hali ambazo safari ina maana, kwa mfano panapohitajika kujenga taya upya kwa mfupa wa mguu na timu ya hapa imesema haiwezi. Lakini kama tofauti ni jina la hospitali tu, shamba libaki. Nimeona familia iliyorudi na mgonjwa aliyepasuliwa vizuri sana, pesa zikaishia hapo, na mionzi ikaanza mwezi wa nne badala ya wiki ya sita. Anayewatafutia hospitali akilipwa kamisheni, sikilizeni maneno yake kwa tahadhari.

Pesa hatuna. Kuna msaada gani?

Kama baba ana bima, nendeni dirisha la bima kabla ya vipimo vikubwa, muulize kipi kinahitaji kibali. Kama hana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali siku ya kwanza, msingoje deni likue. Kwa sera ya afya ya Tanzania, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo katika makundi ya msamaha. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho kinachoonyesha umri hurahisisha mambo.

Shangazi anataka tujaribu dawa ya mitishamba kwanza.

Shangazi anampenda kaka yake, msimdharau. Mwambieni hivi: "Shangazi, tunaomba uende naye hospitali, usikie mwenyewe." Neno la kuogopa hapo ni "kwanza". Wiki sita za dawa ya kienyeji zinaweza kuuvusha uvimbe kutoka hatua ya kutibika kwa upasuaji mdogo. Na kisipakwe chochote juu ya kidonda. Akiwa anakunywa kitu, daktari aambiwe bila kufichwa, maana baadhi ya mitishamba huumiza figo, na sisplatini nayo huumiza figo.

Baba hajaambiwa. Tumfiche?

Kinywa ni chake na saini ya ridhaa ni yake. Wazee wengi huwa wameshajua, wanasubiri watoto wapate ujasiri. Mtafuteni anayemheshimu, pengine kaka yake mkubwa au imamu au mchungaji wake, mkae naye wakati daktari anaeleza. Semeni neno saratani. "Uvimbe" na "kidonda sugu" humfanya akatae upasuaji mkubwa, kwa sababu nani akubali kukatwa ulimi kwa ajili ya kidonda?

Hawezi kula. Tumpe nini?

Mpimeni uzito kila wiki kwa mzani uleule. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 6 ndani ya miezi sita, hiyo ni hatari, daktari aambiwe. Mtori, uji wa lishe uliotiwa maziwa na siagi ya karanga, mayai laini, parachichi lililopondwa, supu ya samaki iliyosagwa na nyama zake. Ndimu, pilipili na chai ya moto viondoke. Ikibidi apitishiwe mpira wa puani, msiuone kama mwisho wa maisha. Kwa wengi hukaa wiki kadhaa tu na hutolewa.

Vidonda vya mionzi huanza wiki ya pili au ya tatu. Asukutue mara nyingi kwa siku: lita moja ya maji safi ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikabonati ya soda kutoka duka la dawa. Isiwe magadi ya kulainishia maharage, na isiwe kabisa magadi soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza.

Wakituambia saratani haiwezi kuondoka?

Ulizeni basi maumivu yatatulizwaje. Mofini ya maji inayonywewa ni dawa halali na salama kwa maumivu ya saratani ikitolewa kwa kipimo. Haimuui mgonjwa wala haimfanyi mlevi. Hufunga choo, kwa hiyo aandikiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini hii tangu 1993, wakiwa majumbani mwao. Ocean Road nako kuna huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso. Mgonjwa anayelala usiku kucha hupata nguvu ya kuongea na wanawe, na hata mionzi michache inaweza kutolewa kupunguza damu na harufu ya kidonda.

Ataweza kuongea tena?

Inategemea kiasi kilichoondolewa. Sehemu ndogo ya ulimi ikiondoka, maneno huwa mazito miezi ya mwanzo kisha husafika. Ikiondoka kubwa, hushonewa nyama kutoka mkononi au kifuani na huchukua muda kuizoea. Wiki za mwanzo mwekeeni daftari na kalamu kitandani, muwe na subira asome na kuandika kwa mwendo wake. Akiruhusiwa afanye mazoezi ya kufungua taya, kwa vijiti vile bapa ambavyo daktari hutumia kukandamizia ulimi: avipange, avitie katikati ya meno, ahesabu, kila siku aongeze kimoja akiweza. Mama yangu mdogo alianza na vijiti saba. Kliniki ya kwanza baada ya mionzi aliingia na kumi na tisa mfukoni, akavitoa mbele ya daktari na kuvihesabu kwa sauti yake mwenyewe.