Dopamini ikipungua ubongoni, moyo huathirikaje?

Swali: Dopamini ni kemikali ya ubongo. Moyo unahusikaje?

Jibu: Upungufu wake unajulikana zaidi kupitia ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Wengi huufahamu kwa mikono inayotetemeka, lakini ugonjwa huu hauishii ubongoni: kwa wagonjwa wengi, neva za simpathetiki zinazoharakisha mapigo ya moyo nazo hufa taratibu, pengine hata kabla ya mtetemeko kuonekana.

Swali: Mitokondria zinaguswa vipi?

Jibu: Mitokondria ni sehemu ndogo ndani ya seli zinazotumia oksijeni kuipa seli nishati, na kwa kuwa moyo haupumziki, zimejaza takriban theluthi moja ya kila seli ya misuli yake. Neva nilizozitaja humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hutengenezwa kutokana na dopamini ya neva zenyewe, wala si ile ya ubongoni. Noradrenalini huongeza kalsiamu ndani ya seli za moyo, na kalsiamu hiyo hukaza misuli na papo hapo huzihimiza mitokondria zizalishe nishati zaidi. Neva zikifa, himizo hilo hudhoofika, na moyo hushindwa kuongeza kasi ipasavyo mwili unapoihitaji.

Swali: Je, dopamini ndiyo hutangulia kupungua, au mitokondria ndizo hutangulia kuharibika?

Jibu: Hapa tusiharakishe kuilaumu dopamini. Mwaka 1982, huko California, watu kadhaa waliojidunga dawa ya kulevya iliyokuwa na kemikali ya MPTP walikakamaa kama wagonjwa wa Parkinson. Ikabainika kwamba kemikali hiyo, ikishabadilika mwilini, huzuia hatua ya kwanza ya uzalishaji wa nishati katika mitokondria, na seli za dopamini zikafa. Vilevile, jeni za PINK1 na parkin, ambazo hitilafu zake husababisha Parkinson ya kurithi, kazi yake ni kusaidia kuondoa mitokondria zilizochakaa, na kazi hiyo hufanyika moyoni pia.

Swali: Mgonjwa aangalie dalili gani?

Jibu: Kizunguzungu anaposimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, daktari aelezwe mapema, kwa sababu kuanguka kunaweza kuvunja nyonga. Levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, nayo huweza kushusha presha; hata hivyo mgonjwa asiiache ghafla, maana kufanya hivyo ni hatari kubwa zaidi.