Oakland ya 2002: siri haikuwa usajili wa bei chee

Wapenzi wa besiboli ya Marekani wakizungumzia timu zenye mfuko mdogo, hawakosi kuitaja Oakland Athletics ya 2002. Simulizi ni ileile: nyota Jason Giambi, Johnny Damon na Jason Isringhausen waliondoka, meneja mkuu Billy Beane akaokoteza wachezaji waliodharauliwa, na timu ikashinda mechi 103. Mishahara yote ilikuwa kama dola milioni 40. New York Yankees, walioshinda 103 vilevile, walilipa zaidi ya milioni 120.

Hadithi tamu, na nusu yake ni kweli. Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia kiwiko, kweli alichukuliwa kwa bei chee na kufundishwa kulinda kituo cha kwanza. Ila si yeye aliyeibeba timu. Walioibeba ni warushaji Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, pamoja na Miguel Tejada na Eric Chavez, wote wakiwa zao la klabu yenyewe. Mwaka huo Zito alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, Tejada akawa mchezaji bora wa American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Unafuu wa mishahara yao ulitokana na kanuni. Mchezaji hawi huru kuhama kabla ya kutimiza miaka 6 ligi kuu, na ile 3 ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2002 kilikuwa dola 200,000. Basi mwenye bajeti finyu huanza kuhesabu vijana wake wamebakiza miaka mingapi, ndipo aende sokoni. Miaka ya Tejada iliisha baada ya msimu wa 2003, akaenda klabu ya Baltimore.