Je, wajua kwa nini CD hupasuka na kubanduka ukiikata kwa mkasi?

Mtu akitaka kutengeneza samaki au ndege wa mapambo kwa CD kuukuu, huchukua mkasi na kuanza kukata. Mara krak! Ufa unakimbia kutoka kwenye mkasi hadi ukingoni, na ile rangi ya fedha inabanduka kama maganda ya kitunguu. Wengi huishia hapo na kuitupa, na ni hasara, maana CD inakatika vizuri sana ukishajua imeundwaje.

Unene wake ni milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki angavu iitwayo polikaboneti. Kwa kuwa tumezoea kuambiwa tusiguse upande unaong'aa, tunadhani fedha iko upande huo. Kumbe haiko huko. Fedha yenyewe ni utando wa alumini, mwembamba mno, uliopakwa upande wa juu, chini tu ya vanishi na maandishi. Kwaruza upande wa maandishi kwa ncha ya msumari, kisha inua CD kwenye mwanga: pale ulipokwaruza panapenya nuru. Kwaruza upande wa pili kwa nguvu ile ile, utaacha mchubuko tu kwenye plastiki.

Mkasi unapobana, plastiki hupinda kidogo, lakini alumini na vanishi haviwezi kunyumbuka nayo, hivyo vinaachia. Tena mkasi, pamoja na kukata, husukuma vipande viwili viachane. Plastiki ikiwa baridi, msukumo huo huzaa ufa.

Dawa ya ufa ni joto. Polikaboneti hulainika kwenye nyuzijoto 147 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka hayawezi kuiyeyusha, ila huifanya iwe tiifu zaidi. Itumbukize kwa dakika chache, ifute, ikate ingali na moto, na ikipoa irudishe majini. Tumia mkasi imara, ule wa kukatia bati ukipatikana, kata polepole, na usifunge ncha za mkasi mpaka mwisho, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo zinapokutana. Selotepu juu ya upande wa maandishi huishikilia alumini isibanduke. Vaa miwani ya kukinga macho, maana vipande vidogo huruka. Usiilainishe kwa moto wa jiko wala maikrowevu. Moshi wa plastiki hiyo ni sumu.

Jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote ni kwamba ukikata CD, upinde wa mvua haukatiki. Rangi zile si za kupakwa. Ndani yake kuna mstari mmoja wa vishimo unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, na mizunguko yake imepishana kwa maikromita 1.6, yaani kila milimita 1 ina mizunguko 625 hivi. Mwanga ukigonga mistari iliyosongamana hivyo, kila rangi hurudi kwa pembe yake. Ndiyo maana hata kipande kidogo kama ukucha kina upinde wake kamili.

Kwa msanii hili lina maana kubwa. Mwanga hutawanyika kukatisha mistari, yaani kuelekea katikati ya CD au kutoka katikati. Ukikata magamba yote ya samaki kwa mwelekeo mmoja, yatawaka pamoja. Ukiyageuza huku na huku, baadhi yatawaka na mengine yatazima kila mtazamaji anaposogea. Tia alama ya kalamu nyuma ya kila kipande kuonyesha katikati ilikuwa wapi, kabla hujavichanganya.

DVD ina mistari iliyosongamana zaidi, maikromita 0.74, hivyo rangi zake hutengana kwa upana zaidi. Pia ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, na utando wa fedha uko katikati. Haibanduki juu kirahisi kama CD, lakini ukiikata ovyo plastiki hizo mbili huachana. Ikianza kuachana, tia gundi pembeni na uibane mpaka ikauke.