Maana ya kompyuta kujipunguza kasi kwa sababu ya joto

Kujipunguza kasi kwa sababu ya joto ni hatua ambayo prosesa ya kompyuta, yaani chipu inayoendesha kazi zake zote, huichukua yenyewe, bila kuamriwa na mtumiaji, pindi inapokaribia kiwango cha juu cha joto kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho kwa prosesa nyingi za laptopu ni takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kuwa joto hutokana na umeme unaotumika, prosesa hupunguza kasi na volteji hadi ipoe, na mwenye kompyuta huona tu kwamba video inakwama, kisha akadhani ameingiliwa na virusi. Joto likizidi kupanda hata hivyo, kompyuta hujizima ghafla.

Feni ndiyo hulaumiwa kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika, ingawa mara nyingi haina kosa. Joto hutoka kwenye prosesa, hupita katika safu nyembamba ya grisi maalumu, kisha huingia kwenye mrija wa shaba wenye kimiminika kidogo ndani yake; kimiminika hicho hugeuka mvuke upande wenye moto, husafiri hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, hupoa hapo na kurudi kilikotoka. Kazi ya feni ni kupitisha hewa kati ya mapezi hayo, basi. Vumbi likishikamana pale mithili ya blanketi, feni huzunguka kwa nguvu zake zote na hewa isipite.

Nairobi ina vumbi la kutosha, hasa miezi ya kiangazi ya Januari na Februari, na kwa kuwa jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kidogo. Ubaridi wa jiji hufidia upungufu huo. Vumbi halifidiwi na chochote.

Anayelisafisha azime kompyuta, achomoe chaja, kisha aishike feni isizunguke anapopuliza hewa. Iwapo baada ya hapo prosesa bado inachemka ilhali hewa inayotoka ubavuni ni ya uvuguvugu tu, joto haliufikii mrija: huenda grisi imekauka, jambo la kawaida kwa laptopu kuukuu, na fundi aibandue na kupaka nyingine.